Manowari Haitii Nanga Bila Maji Yangu

Bungoma,
Jumatatu, 13 Aprili 2026.
Mwaka wa thelathini na tano tangu niipe bahari mgongo.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Subag. Na kwa kuwa Mheshimiwa huyo ndiye Shafi, mtoto wa dada yangu Nimo, ambaye nilimfunga kamba za viatu katika mji huu kila asubuhi hadi alipojifunza mwenyewe, basi na kwa Shafi pia.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nilizozifikiria. Kisomali chako, nilichokisikia redioni siku ulipolihutubia taifa letu jipya, ni cha mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Kiingereza changu ni kizuri, ila ndicho wanachokijua hao unaojadiliana nao. Kiswahili tulijifunza pamoja, wewe ukiwa na kitabu cha darasa la pili, mimi nikichungulia juu ya bega lako katikati ya majora ya vitambaa dukani. Mpaka majasusi wao wampate mkalimani anayejua Kiswahili cha Bungoma, barua hii itakuwa imeshakufikia, umeshaisoma, na umeshakasirika.

Juma lililopita ulinitumia ujumbe wa sauti. Uliniita "abti", yaani mjomba, kwa ile sauti uliyokuwa ukiitumia ulipotaka ruhusa ya kwenda kutazama mpira Webuye. Ulisema: "Abti, njoo nyumbani. Tumekuwekea kiti cha mbele. Kazi yenyewe ni ndogo tu. Admirali akishuka, umpe maji kwenye kile kibuyu cha babu, wapiga picha wapige, basi."

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Kila mara, lile neno "tu" linaniuma mahali papya.

Nilipouliza huku na kule nikaelewa kwa nini umenikumbuka. Mkataba wa kuzipa manowari za Dola Rafiki ruhusa ya kutumia bandari yetu uko tayari, wanasheria wamekwisha kuupiga pasi, lakini wazee wa Bandar Subag wamekataa kuutambua mpaka nyumba yetu itoe maji. Huna budi kupata maji hayo. Nami nina masharti, na kabla ya masharti nina malalamiko. Nimeyapa namba ili wasaidizi wako wasije wakayasoma kutoka mwisho.

1. Lalamiko la kwanza ni kwamba sikuulizwa.

Kwa faida ya vijana wa ofisini kwako, nieleze. Katika pwani yetu, kabla haijaja serikali yoyote kutuandikia sheria, mgeni wa baharini hakukanyaga nchi kavu mpaka apate abaani. Abaani ni mwenyeji wake na mdhamini wake. Humwendea kwa mashua na kumpa maji ya kwanza. Mgeni akishakunywa, abaani husimama mbele ya watu na kusema maneno haya, bila kuongeza wala kupunguza: "Huyu ni mgeni wangu. Kosa lake nitalijibu mimi." Tangu hapo, mgeni akiibiwa, aliyeibiwa ni abaani. Mgeni akiiba, anayelipa ni abaani. Na mgeni asiyekunywa hubaki majini, hata awe amebeba dhahabu. Katika Bandar Subag kazi hiyo ni ya nyumba yetu, na haijawahi kuwa ya nyumba nyingine.

Nilikuwa mtoto ilipokuja manowari ya wakoloni. Baba alimpelekea kapteni kibuyu, na kapteni akakataa kunywa kwa sababu kilinuka samli. Baba hakugombana naye. Aliketi katika mashua yake, akamwambia mkalimani: "Mwambie bwana wako samli haijaua mtu. Kinachoua ni kiu." Manowari ikabaki nje ya mwamba ikiyumba, hadi wanamaji wake wakawa na rangi ya kabichi. Hatimaye kapteni alikunywa. Alifumba macho, akameza, kisha akatapika ubavuni mwa meli yake mwenyewe iliyokuwa imesuguliwa asubuhi ile ile. Wazee walipouliza kama hiyo inahesabika, baba akasema aliona koo likishuka, na kilichotokea baadaye ni jambo kati ya kapteni na tumbo lake.

Wanamaji wawili wa meli ile waliiba mbuzi wa jirani. Baba akatoa mbuzi wake kulipa. Hakulalamika, maana alikwisha kusema maneno.

Hiyo ndiyo kazi unayoiita "ndogo tu". Kibuyu chenyewe kiko hapa Bungoma, juu ya rafu, nyuma ya kitenge. Wekoye, mwenye nyumba hii ninamofanyia biashara, kwa miaka mingi alidhani ninahifadhia humo mbegu.

2. Lalamiko la pili linakuhusu wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Sheria ya abaani ina kifungu ambacho baba alikuwa akikirudia kila Ijumaa. Mtu akitoka kwao, akanywa maji ya mwingine, akaishi chini ya udhamini wa mwingine, huyo amegeuka mgeni, na mgeni hakaribishi mgeni. Kazi humtoka siku hiyo hiyo, ikaenda kwa ndugu aliyebaki. Haijalishi ameondoka kwa vita, kwa njaa au kwa kutafuta elimu. Sheria hii haina huruma, na ndiyo maana ilidumu.

Sasa tukutazame wewe. Kutoka Bungoma ulikwenda ughaibuni ukakaa miaka ishirini. Huko ulipewa chumba, blanketi na mtu wa kukushika mkono kukuonyesha stesheni ya treni. Nina picha yako umevaa kofia ya sufu yenye kishada, umesimama na mama mmoja wa Kizungu mwenye sura njema, na nyuma yake umeandika: "Huyu ndiye aliyenipokea." Umeandika kwa mkono wako! Halafu leo unaketi mezani na maadmirali, unatandaza mikono na kuwaambia "karibuni kwetu". Karibuni wapi? Wewe mwenyewe hujakaribishwa tena. Kwa mujibu wa sheria yetu, wewe ni mgeni unayeazima sebule ya watu ili kufanyia karamu.

Sikulaumu. Nasema tu kwamba mkataba ulioanzishwa na mtu wa namna hiyo hauna miguu, na unahitaji mtu wa nyumba ya maji ausimamishe. Mtu huyo unajua ni nani.

3. Lalamiko la tatu ni kuhusu kile kifungu cha "haki sawa za pande zote".

Nimekisoma magazetini. Kinasema manowari zao zitaingia bandarini kwetu wakati wowote, na vyombo vyetu vya kijeshi vitaingia bandarini kwao wakati wowote, kwa heshima ile ile. Nimefurahi sana. Kifungu cha haki namna hii sijawahi kukiona. Ila nimefanya uchunguzi, na jeshi letu la majini ni Naim.

Namfahamu Naim tangu akiwa tumboni. Ana boti moja yenye injini ya Yamaha, anafukuza nayo watu wanaoingiza sukari kwa magendo, na wakati mwingine wao ndio wanaomvuta hadi pwani injini ikizimika. Naomba basi kifungu kitekelezwe. Kabla manowari yao ya kwanza haijaingia bandarini kwetu, Naim aende kwao. Aingie bandari yao kuu, apigiwe mizinga, apewe gati, mafuta na maji, na mabaharia wake (yaani shemeji yake) washuke mjini kununua vitu. Kama watamzuia mlangoni wakimwuliza ametoka wapi na amepotea vipi, tutakuwa tumeelewa maana ya haki sawa mapema, kabla wino haujakauka.

Naim mwenyewe nilimpigia. Alisema yuko tayari kwenda, ila kwa ndege, maana bahari ikichafuka anaumwa kichwa.

4. Lalamiko la nne linanisikitisha, kwa kuwa ni juu ya dada yangu, mama yako.

Nimepata habari kwamba wapimaji wa Dola Rafiki wamekwisha kufika, wakiwa na darubini zao za miguu mitatu, na wakapanda kile kilima cha juu ya bandari. Nimo akawaona kutoka kwenye kibanda chake cha chai. Akapanda nyuma yao, na umri ule, akawaambia: "Vueni viatu. Mmesimama juu ya mama yangu." Wakavua. Maofisa wazima wenye nyota mabegani wakasimama kwa soksi juu ya mawe ya moto. Halafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mmoja wao alikuwa ameiva kama nyanya, akawapa maji. Kwenye vikombe vya plastiki, Shafi. Wakanywa!

Nilipompigia simu kumweleza kwamba amevuruga utaratibu, kwamba maji ya kwanza si kinywaji cha kutolewa ovyo na mtu yeyote mwenye jagi, aliniambia: "Abdisalam, wewe una maneno mengi kama redio ya dukani. Walikuwa na kiu." Nikamwuliza kama alitamka yale maneno. Akasema hakumbuki. Alisema labda aliwaambia wanakijiji waliokuja na mawe kwamba hao ni wageni wake, wasiguswe, wakivunja kitu atalipa yeye. Kisha akakata simu kwa sababu maziwa yalikuwa yanachemka.

Naomba ofisi yako iyatangaze maji hayo kuwa batili. Nimo ni mtu mwema, aliyebaki nyuma kumtunza mama yetu ambaye miguu ilikuwa imekataa, na akabaki hata baada ya mama kufariki, akiuza chai kila siku mbele ya bandari iliyokuwa haina meli. Lakini mambo ya mabalozi hayajui.

5. Lalamiko la tano ndilo zito, na kama wasaidizi wako watafupisha barua hii, hili wasilifupishe.

Mkataba unawakodishia bandari na "eneo lisilokaliwa na watu" lililo juu yake kwa miaka tisini na tisa. Eneo hilo ni kile kilima. Litazungushiwa uzio wa nyaya. Ni kweli halikaliwi. Watu walio pale wamelala. Nyanya yako amelala pale, na babu yako aliyemtapisha kapteni amelala pale, na pembeni mwao pana nafasi ambayo nilijiwekea mwenyewe nikiwa kijana, nikaizungushia mawe meupe, nikamwambia mama: hapa ni pangu. Kwa miaka hii yote, nikipima vitambaa vya watu, kilima kile kimekuwa nyuma ya macho yangu. Nikisema "nyumbani" sisemi nyumba. Nyumba ilibomoka zamani. Nasema yale mawe meupe.

Sasa nieleze nilichojifunza huku bara. Wekoye ana shamba Naitiri. Huko, na Tongaren yote, watu hukodishiana ekari kwa msimu wa mahindi, na makubaliano yao huyafanya wamesimama, bila wanasheria. Niliwahi kumwuliza wanaandikiana nini. Akasema: "Si lazima muandike, mzee. Aliyekodi analima, anavuna, anaenda. Kuna vitu viwili tu hafanyi. Hapandi mti, na hazikii hapo mtu wake. Akipanda mti, huyo hana mpango ya kutoka. Na akizika, bana, hapo sasa mtaenda kortini mpaka wajukuu."

Nimeutafuta mkataba wako kwa jicho la Wekoye. Gati la zege lenye kwenda chini hatua arubaini ni mti, Mheshimiwa. Ghala la mafuta ni mti. Umewaruhusu wapande msitu, na waliozika watu wao pale ndio uliowatoa nje ya uzio. Mkulima wa Naitiri asiyejua bahari ina rangi gani asingekodisha hata mtaro kwa masharti hayo.

Mnasema kutakuwa na ajira. Waulizeni watu wa Webuye mji mzima unavyokuwa unapoamka, unapokula na unapolala kwa king'ora kimoja cha kiwanda cha karatasi, na unavyokuwa siku king'ora kinaponyamaza.

Sidai mkataba uvunjwe. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba nchi changa yenye boti moja itahitaji rafiki mwenye nyingi. Nadai lango. Lango moja kwenye uzio, upande wa kibanda cha Nimo, lisilo na mlinzi wala kadi, ambalo mtu anapita akiwa hai kwenda kusoma dua, na anapita akiwa amebebwa kwenda kulala. Hilo tu. Na mimi "tu" yangu ni ya kweli.

6. Lalamiko la sita ni kuhusu mahali pa majadiliano.

Mnajadiliana Bandar Subag, katika hoteli inayotazama bahari, na manowari yao imeegeshwa nje ya mwamba, mbele ya dirisha, kama pikipiki ya mkwe tajiri. Nani atasema hapana mbele ya mzinga ule? Napendekeza raundi ya mwisho ihamishiwe Kitale.

Kitale hakuna bahari. Admirali akifika pale ni mzee kama sisi, mwenye koti jeupe lisilofaa kwa matope. Asubuhi kuna baridi, ataomba sweta, na mtu aliyeomba sweta hawezi tena kukutishia. Kuna kumbi nzuri za harusi zenye viti vilivyovalishwa utepe. Chakula atakishughulikia Wekoye, ambaye amekuwa msemaji katika majadiliano ya mahari pande zote za Bungoma na hajawahi kushindwa. Ataleta kuku mzima na ugali. Huku kwao, firigisi ya kuku hailiwi na mtu yeyote tu. Ni ya mkubwa wa mahali. Sahani itawekwa katikati, sote tutanyamaza, na tutaona ni mkono wa nani unaokwenda kwenye firigisi. Ukienda wa admirali, majadiliano yamekwisha na tumejua mkataba unasemaje kweli. Ukienda wako, Shafi, nitakupiga kofi la mkononi, kama zamani.

Nimemweleza Wekoye mpango wote. Alisikiliza vizuri, akasema: "Sawa, mzee. Lakini hao watu wa meli watakuja na nini mpaka Kitale?" Nikamwambia watakuja na gari kama binadamu. Akasema basi waambiwe barabara ya Kamukuywa, ndiyo fupi.

Hayo ndiyo malalamiko. Masharti yangu ni mafupi. Nirudishwe Bandar Subag kwa heshima ya abaani, si kwa heshima ya pambo. Nisimame mwenyewe bandarini, si kwenye kiti cha mbele. Nimpe admirali maji yenye harufu ya samli, ayamalize. Niseme maneno. Kisha, kwa kuwa kosa lake litakuwa langu, nitamwambia uzio unapita wapi na lango linakaa wapi, naye atatii, kwa sababu mgeni aliyekunywa hutii. Bila hivyo, kibuyu kinabaki Bungoma na manowari inabaki nje ya mwamba, hadi rangi ya kabichi.

Alhamisi nakwenda Kitale kushughulikia karatasi za safari. Wekoye atanisindikiza, ana mambo yake ya mbolea huko.

Wasalimie Naim na shemeji yake, ambao ni ulinzi wetu. Wasalimie wazee waliokataa kutambua mkataba, uwaambie wasichoke. Msalimie mama yako, na umweleze kwa upole lile jambo la vikombe vya plastiki. Wasalimie wale wapimaji, kama miguu imepona. Na yule mama wa kofia ya sufu, ukimwandikia, mwambie alifanya kazi nzuri.

Ni mimi, katika heshima zote mbili, ya raia na ya mjomba,

Abdisalam,
Abaani wa Bandar Subag,
kwa sasa Bungoma, karibu na msikiti.

N.B.

Ijumaa, 17 Aprili.

Barua ilikuwa bado haijatumwa, na sasa siwezi kuituma bila kuongeza haya.

Jana nilikwenda Kitale. Tulikaa kwenye benchi mpaka nikaitwa dirishani na ofisa mmoja kijana, Jelimo, mwenye adabu. Alitazama picha yangu, akanitazama mimi, akauliza: "Mzee, hapa kwetu mwenyeji wako ni nani?"

Nilianza kumweleza kwamba swali hilo kwangu lina historia ndefu. Sikufika mbali. Wekoye alikuwa amesinzia kwenye benchi, kofia juu ya uso. Aliinua mkono mmoja bila kuiondoa kofia, akasema: "Huyo ni mgeni wangu, madam. Akikosa kitu, mimi ndio nitajibu."

Jelimo akauliza: "Mgeni wako tangu lini?"

"Tangu tisini na moja."

"Na mpaka leo bado ni mgeni?"

"Si hajaenda?" akasema Wekoye, akarudi usingizini.

Watu wote kwenye foleni walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaomba kuketi. Hakuna aliyemfundisha mtu huyu maneno yale. Nikakumbuka siku niliyofika Bungoma na mke wangu Hawo na wewe, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla hajaniuliza jina, Wekoye alitupa chai ya maziwa katika vikombe vya bati. Tulikunywa. Wewe uliomba ya pili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, lisome upya lalamiko langu la pili, na kila palipo na jina lako weka langu. Wewe ulikuwa mgeni wa watu kwa miaka ishirini. Mimi nina thelathini na tano. Kazi ya abaani ilinitoka siku ile, juu ya kikombe cha bati, na nimekuwa nikitembea nayo mjini kama mtu aliyevaa kofia ya askari aliyefukuzwa. Lalamiko la kwanza limeanguka, kwani hukuwa na sababu ya kuniuliza. Sharti la kunirudisha bandarini limeanguka. Lile la Naim nalibakiza, ni zuri.

Na lalamiko la nne limegeuka likanitazama. Sheria inasema kazi huenda kwa ndugu aliyebaki. Katika nyumba ya maji amebaki mmoja. Hakuwahi kunywa maji ya mtu mwingine yeyote. Wageni wamekwisha kufika, wamekunywa kutoka mkononi mwake, naye amesimama mbele ya watu na kusema wakivunja kitu atalipa yeye. Maji yale ni halali. Ni halali kuliko yoyote ambayo ningeyatoa. Manowari imekwisha kutia nanga, Shafi, kwenye kibanda cha chai, na hukujua. Uzio unapita wapi na lango linakaa wapi, atasema mama yako. Nenda kamwombe. Vua viatu.

Nilimpigia jana jioni kumweleza. Alisema: "Nilijua tangu walipovua. Nilikuwa nakungoja umalize kuandika." Nikamwuliza kuhusu lango. Akasema hakuna lango, kwa sababu hakutakuwa na uzio. Amewapa bahari mpaka kwenye mwamba, si hatua zaidi, kilima hakimo, na yule mwekundu kama nyanya amekwisha kukubali.

Akaniuliza ninakuja lini, kwamba mawe yangu meupe bado yapo, anayapaka chokaa kila mwaka. Nilitoka nje, nyuma ya duka, ambako kuna mparachichi nilioupanda mwaka wa pili baada ya kufika, kwenye ardhi ya Wekoye, mbele ya macho yake. Aliniletea maji ya kuumwagilia. Na alipofariki Hawo, Wekoye alishika upande mmoja wa jeneza hadi makaburini, hapa hapa, ng'ambo ya reli. Nimepanda mti na nimezika. Aliyekodi haruhusiwi lolote kati ya hayo mawili, na mimi niliruhusiwa yote bila kuomba.

Kibuyu nakituma pamoja na barua hii. Kisioshwe kwa sabuni. Mkabidhi mama yako mkononi.

Mimi sitarudi.